Saa za Kushika Usukani: Historia Fupi ya Daftari la Mwanafunzi wa Udereva

Waswahili husema mali bila daftari huisha bila habari. Methali hii imezoeleka dukani, lakini mimi nitaipeleka barabarani. Mali ninayotaka kuizungumzia ni saa: zile saa ambazo mwanafunzi wa udereva anashika usukani huku mtu mzoefu ameketi kando yake, akimtazama na kumwelekeza. Kwa miaka mingi saa hizo hazikuandikwa popote. Leo, katika baadhi ya nchi, kila safari huandikwa na kutiwa sahihi, na kijana asiye na daftari lililojaa hafanyiwi mtihani. Katika insha hii nitaeleza jinsi jambo hili lilivyoanza na kukua. Kisha nitauliza swali linalotuhusu sisi wa Afrika Mashariki, tulioko nyumbani na walioko ughaibuni: nani ana saa za kuandika, na nani hana?

Mwanzoni hapakuwa na mtihani wala daftari. Mwaka 1888 Karl Benz, Mjerumani aliyeunda gari la petroli, aliomba ruhusa ya maandishi kwa serikali ya Baden ili aweze kuliendesha gari lake barabarani, kwa kuwa watu walilalamikia kelele na harufu yake. Ruhusa hiyo hutajwa kuwa leseni ya kwanza ya udereva. Mwaka 1893 polisi wa Paris waliwataka madereva wawe na cheti cha kuonyesha kuwa wanaweza kuendesha. Uingereza ilipitisha sheria yake mwaka 1903, na kuanzia Januari 1, 1904, kila dereva alitakiwa kuwa na leseni. Lakini leseni ile ilinunuliwa tu. Mtu alilipa shilingi tano, akapewa karatasi, akaondoka. Hakuna aliyemwuliza kama anajua kupiga breki. Mwaka huohuo wa 1904, katika mji wa Aschaffenburg huko Ujerumani, Rudolf Kempf alifungua shule ya udereva. Kwa hiyo wazo la kumfundisha dereva lilikuwapo tangu mapema, ila wazo la kuhesabu muda wa mafunzo yake halikuwa limefika.

Vifo ndivyo vilivyoilazimisha Uingereza kubadilika. Mwaka 1934 watu 7,343 walikufa katika barabara zake, wakati nchi nzima ilikuwa na magari takriban milioni 2.4 tu. Bunge likapitisha sheria mpya ya barabara mwaka huo, na Waziri wa Uchukuzi, Leslie Hore-Belisha, akaisimamia. Kuanzia Juni 1, 1935, mtihani ukawa wa lazima kwa wote walioanza kuendesha tangu Aprili 1, 1934. Vituo vya mtihani havikuwapo, hivyo msahihishaji na mtahiniwa walikutana kwenye bustani au stesheni ya treni, wakazunguka pamoja kwa nusu saa hivi. Ndipo ilipozaliwa pia ile herufi L nyekundu kwenye kibao cheupe. Mwanafunzi alipaswa kuibandika garini na kuandamana na dereva mwenye leseni.

Naomba msomaji aone jambo moja hapo. Sheria ilitaka mwanafunzi asiwe peke yake, lakini haikusema awe na mwenzake kwa saa ngapi. Aliyefanya mazoezi siku tatu na aliyefanya miezi mitatu walifika mbele ya msahihishaji wakiwa sawa. Mazoezi yenyewe hayakuwa na uzito sana machoni pa serikali, na hilo lilionekana wazi wakati wa dhiki. Vita Kuu ya Pili ilipoanza Septemba 1939, mitihani ilisimamishwa, ikarudi Novemba 1946. Halafu mgogoro wa Mfereji wa Suez ulipoleta uhaba wa petroli, kuanzia mwishoni mwa 1956 hadi Aprili 1957, mitihani ilisimama tena. Wasahihishaji walipelekwa kusaidia kazi ya kugawa petroli, na wanafunzi wakaruhusiwa kuendesha bila msimamizi. Mtu wa kuketi kando alikuwa kitu cha kwanza kuachwa.

Mfumo huo wa kibao cha L, msimamizi na mtihani mfupi ndio Waingereza waliotuletea katika makoloni yao. Ukipita leo Kampala, Nairobi au Dar es Salaam utaiona L ileile nyekundu ikining'inia nyuma ya gari la shule ya udereva, likitembea polepole huku bodaboda zikilipita kulia na kushoto. Tulirithi kibao, tukarithi na ile kasoro ya kutohesabu saa.

Hata hivyo, itakuwa si haki kusema kwamba Afrika Mashariki haikuwa na njia yake. Njia hiyo ilikuwa utingo, au taniboi kama wengi wanavyomwita huku kwetu Uganda. Mjomba wangu ni mmoja wa waliopita hapo. Alipanda lori akiwa kijana, akawa anafunga turubai, anatia maji kwenye rejeta, anaweka mawe chini ya magurudumu mlimani, na usiku anamsemesha dereva asisinzie. Safari ilikuwa Mombasa hadi Kampala, kupitia Malaba. Miaka miwili ya kwanza hakugusa usukani. Alitazama tu: jinsi dereva anavyoshusha gia kabla ya mteremko badala ya katikati ya mteremko, jinsi anavyosoma taa za gari linalokuja, jinsi anavyopunguza mwendo karibu na soko hata kama haoni mtu. Mwaka wa tatu akaanza kupewa lori kulisogeza kwenye uwanja wa kuegesha. Alipokwenda kufanya mtihani wa leseni, alikuwa ameshakaa kwenye kiti kile cha pembeni maelfu ya saa.

Lakini muulize mjomba ni saa ngapi hasa, atacheka. Hakuna aliyeziandika. Bosi mmoja alipofariki na lori kuuzwa, bosi mpya hakuwa na njia ya kujua kama mbele yake kuna kijana wa miaka mitano barabarani au wa miezi mitano. Mjomba alianza upya, akifunga turubai. Hii ndiyo maana ya methali niliyoitaja. Mali ilikuwapo, daftari halikuwapo.

Basi wazo la kuandika saa lilitoka wapi? Lilitokana na jambo ambalo watafiti waliligundua walipochunguza ajali za vijana. Mwanafunzi anayeendesha akiwa na msimamizi hupata ajali kwa nadra. Siku anayopata leseni na kuanza kuendesha peke yake, hatari hupanda ghafla, na huwa kubwa kabisa katika miezi ya mwanzo, kisha hushuka kadiri anavyozidi kuendesha. Kwa maneno mengine, mtihani huonyesha kwamba mtu anaweza kuliendesha gari. Hauonyeshi kama amekwisha kukutana na mvua ya usiku, na mtoto anayekimbilia mpira, na lori lisilo na taa. Mambo hayo hayafundishwi kwa nusu saa. Yanahitaji muda, na muda huo ni heri upatikane akiwa bado na mtu kando yake.

Katika miaka ya 1970 mtafiti Patricia Waller wa North Carolina, Marekani, alipendekeza kwamba leseni itolewe kwa hatua, kama ngazi: kwanza kujifunza na msimamizi, kisha kuendesha peke yako kwa masharti, mwisho leseni kamili. New Zealand ilianza kutumia utaratibu huo mwaka 1987. Dereva wa hatua ya pili hakuruhusiwa kuendesha peke yake usiku wa manane, wala kubeba vijana wenzake bila mtu mzoefu garini. Ontario na Nova Scotia za Kanada zikafuata mwaka 1994, na Florida mwaka 1996.

Jaribio lililogeuza fikra za wengi lilifanyika Sweden. Mwaka 1993 nchi hiyo ilishusha umri wa kuanza kujifunza kutoka miaka 17 na nusu hadi 16, lakini umri wa kupata leseni ukabaki 18. Serikali haikumlazimisha mtu. Ilifungua mlango tu, ili kijana apate miaka miwili ya kufanya mazoezi na wazazi wake. Mtafiti Nils Petter Gregersen na wenzake walipowafuatilia vijana hao, waliona kwamba walioitumia nafasi hiyo walifanya mazoezi ya wastani wa saa 118, wakati wasioitumia walifanya kati ya 41 na 47. Na baada ya kupata leseni, wale wenye saa nyingi walikuwa na hatari ndogo zaidi ya kupata ajali.

Kutoka hapo unaweza kukisia namba 120 ilikotoka. Australia ilikuwa tayari imeanza kudai saa. Jimbo la New South Wales lilitaka saa 50 tangu mwaka 2000. Julai 1, 2007, New South Wales na Victoria zote mbili zilipandisha hesabu hadi saa 120, na Queensland ikaweka 100. Tangu hapo majimbo mengine yamekuwa na hesabu zao. Australia Magharibi hutaka 50, Tasmania 80. Marekani nako, majimbo mengi hutaka mzazi athibitishe saa 50, kumi kati yake zikiwa za usiku, na Maine hutaka 70.

Kudai saa ni jambo moja, kuzithibitisha ni jambo jingine. Ndipo daftari likaingia. Daftari la mwanafunzi wa Australia lina safu nyingi kuliko daftari la duka. Anaandika tarehe, saa ya kuanza na ya kumaliza, namba ya mita ya kilomita mwanzo na mwisho, hali ya hewa, kama ni mchana au usiku, na magari yalikuwa mengi au machache. Msimamizi anaandika namba ya leseni yake na kutia sahihi. New South Wales iliongeza hesabu ya pekee: saa moja na mwalimu mwenye kibali huhesabiwa kama tatu, lakini kwa saa kumi tu, ili anayelipia masomo asinunue daftari lote. Siku hizi wengi hawatumii karatasi, bali programu ya simu inayofanya kazi hiyohiyo.

Ninayajua haya kwa sababu mdogo wangu, binti wa mama mdogo, ana daftari kama hilo. Familia yetu ina asili ya Kivu, Kongo. Sisi tulibaki Uganda, na mama mdogo alipelekwa Australia kama mkimbizi pamoja na wanawe. Wanaishi Shepparton, mji wa mashamba ya matunda katika jimbo la Victoria, takriban kilomita 180 kaskazini mwa Melbourne. Mdogo wangu ana miaka 18. Anasomea kazi ya kuwahudumia wazee, na mahali anapotakiwa kwenda kufanya mazoezi ya kazi zamu huanza saa moja asubuhi, kabla basi la kwanza halijafika huko. Bila leseni hana zamu, na bila zamu hamalizi kozi.

Tupige hesabu pamoja. Saa 120, ukiendesha saa mbili kwa wiki, ni wiki 60. Hiyo ni zaidi ya mwaka. Ukienda kwa wastani wa kilomita 40 kwa saa, ni kilomita 4,800, yaani kama kutoka Kampala kwenda Mombasa na kurudi mara mbili, na bado kuna ziada. Gari linalokunywa lita nane kwa kilomita mia litamaliza lita 384 za petroli. Juu ya hayo, lazima awepo mtu mwenye leseni kamili ya Australia ambaye ana nafasi ya kuketi kando saa zote 120. Mama mdogo husafisha ofisi usiku, hulala mchana, na hajawahi kuwa na leseni maishani. Kwa mtoto ambaye baba na mama wote wana magari, saa hizo hupatikana njiani kwenda shule, dukani na kwa nyanya. Hata hazionekani kuwa gharama. Kwa mdogo wangu kila saa ni ya kuomba.

Mwanzoni alimwomba mzee mmoja wa kanisani, Mkongo mwenzao, ambaye alimsimamia Jumapili baada ya ibada. Mzee huyo alipohamia mji mwingine kutafuta kazi, daftari likakaa kabatini miezi mitano likiwa na saa 23. Aliyemwokoa ni mpango uitwao L2P, unaowaunganisha vijana wa Victoria wasio na gari wala msimamizi na watu wanaojitolea. Mama mmoja mstaafu humchukua kila Jumanne na Alhamisi. Mdogo wangu aliniambia, "Kaka, huyu mama hanifahamu hata kidogo, lakini anakubali kuketi garini na mimi usiku, mvua inanyesha."

Si wote wanaompata mama kama huyo. Mwaka 2013 Mkaguzi Mkuu wa New South Wales alitoa ripoti kuhusu leseni miongoni mwa Waaborijini, wenyeji wa asili wa nchi hiyo. Shida zinajulikana: magari ni machache katika jamii hizo, wenye leseni kamili wa kuwasimamia vijana ni wachache, na anayekamatwa akiendesha bila leseni huingia kwenye mlolongo wa faini na mahakama ambao unaweza kumfikisha gerezani. Tena kuna jambo la ajabu katika sheria yenyewe. Victoria hudai saa 120 kwa walio chini ya miaka 21 tu. Kwa hiyo kijana asiye na gari wala msimamizi anaweza kungoja tu hadi atimize 21, akafanya mtihani bila daftari. Sheria iliyotungwa kuhakikisha kila mtu ana mazoezi inamwacha apite yule mwenye mazoezi machache kuliko wote, baada ya kumchelewesha kazi kwa miaka mitatu.

Kuna na udhaifu wa pili: daftari linategemea ukweli wa anayeandika. Mzazi mwenye haraka anaweza kujaza safari kumi kwa kalamu moja, jioni moja, mezani jikoni. Serikali hulinganisha namba za mita, hutoza faini na kuchelewesha leseni za wanaobainika. Lakini hakuna askari katika kila gari. Aliyejaza uongo amejidanganya mwenyewe, kwa kuwa msahihishaji atamwacha baada ya nusu saa, na barabara haitamwacha.

Je, sisi tunajifunza nini? Nilipojifunza kuendesha hapa Uganda, shule niliyokwenda iliuza mafunzo kwa siku. Lakini siku moja kwa kweli ilikuwa gari moja na wanafunzi wanne, tukipokezana usukani. Niliamua kuandika muda wangu mwenyewe nyuma ya daftari la fasihi. Kozi ilipokwisha nilijumlisha. Nilikuwa nimeshika usukani saa tisa na dakika 40. Kwenye mvua, dakika 35. Usiku, sifuri. Cheti nilichopewa kilisema nimekamilisha mafunzo, na hakikusema uongo, kwa sababu hakuna aliyekuwa ametaja saa. Baada ya hapo nilimwomba mjomba aketi kando yangu kila anapokuwa nyumbani, nami nimeendelea kuandika. Jina lake lina sahihi 31 katika daftari lile.

Simaanishi kwamba tuige saa 120. Kwetu, ambako familia nyingi hazina gari, sheria kama hiyo ingewafungia mlango watoto wa maskini na kuwafungulia wauza sahihi. Ninachopendekeza ni kidogo zaidi. Kwanza, shule za udereva zihesabu dakika za kila mwanafunzi kwenye usukani badala ya siku alizohudhuria, na mwanafunzi atie sahihi pamoja na mwalimu. Pili, cheti kitaje saa hizo, na kitaje pia ngapi zilikuwa za usiku na ngapi za mvua, ili mwajiri na mzazi waone. Tatu, wenye malori wawape utingo wao daftari, ili miaka yao isizikwe pamoja na bosi. Mambo haya matatu hayahitaji magari mapya wala petroli zaidi. Yanahitaji kalamu na uaminifu.

Mjomba nilipomsomea mapendekezo haya aliniuliza kama utingo wa leo angekubali kubeba daftari. Nikamwambia simjui utingo wa leo, yeye ndiye anayemjua. Safari yake iliyofuata alinunua madaftari mawili pale Malaba, moja la kijana anayesafiri naye. Mdogo wangu huko Shepparton alikuwa amefikisha saa 86 tulipozungumza mara ya mwisho.